Ngazi za Tramu

Kabla ya 1914, wakubwa wa tramu nchini Uingereza walikuwa na hakika kwamba ukondakta haumfai mwanamke: ngazi ni kali, walevi ni wengi, chenji zinachanganya. Vita vilipowazoa wanaume, ngazi zikalainika ghafla. Mwaka 1915 Glasgow ikaanza kuajiri makondakta wanawake, ikawashonea sketi ndefu za miraba, na baadaye wengine wakakabidhiwa breki na swichi ya mwendo. Umeme, inaelekea, haukuuliza aliyeushika ni nani.

Kazi ilikuwa ileile. Ujira ndio uliokuwa na jinsia. Mwaka 1918 wanaume wa mabasi na tramu za London waliongezewa posho ya vita, shilingi 5 kwa wiki. Wanawake wakaambulia patupu, kana kwamba muuza mkate huwapunguzia bei wenye sketi. Agosti wakagoma, na shilingi 5 zikapatikana upesi kuliko ilivyotarajiwa.

Novemba vita vikaisha. Wanaume wakarudi, ngazi zikawa kali tena, na wanawake wengi wakaachishwa kazi. Vita vilipozuka upya mwaka 1939, waliitwa tena.