Namna ya Kuua Kioo cha Pembeni: Mwongozo kwa Mwenye Pikapu Kuukuu Kwenye Baridi

Hongera kwa kununua pikapu. Aliyekuuzia alisema injini haijawahi kuguswa, bodi haina kutu ya kutisha, na vioo vya pembeni vina moto wa kuyeyusha barafu. Ulimwamini yote kwa sababu mlikuwa Agosti, mmevaa fulana. Sasa ni Januari hapa Minnesota, nje ni nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, na vioo vyenye moto vimeganda kuliko hata vile visivyo na moto vya gari la jirani. Ukikwangua kona ya chini ya kioo cha abiria, kitu cha kwanza kutokea ni yale maandishi ambayo sheria ya Marekani inayataka kwenye kioo chenye mbinuko cha upande huo: vitu viko karibu kuliko vinavyoonekana. Wewe usihangaike nayo. Havionekani kabisa.

Hitilafu hii inaweza kutengenezwa jioni moja kwa pesa ya chai. Mwongozo huu ni kwa wale wasiopenda njia hiyo.

Jambo la kwanza, usibonyeze chochote. Wanaobonyeza hugundua mapema mno. Pikapu nyingi za Marekani za kati ya 1999 na 2006, Chevrolet Silverado ikiwemo, vioo vya pembeni hupata moto kupitia kitufe cha kioo cha nyuma, kile chenye mchoro wa kisanduku na vimishale vilivyopindapinda. Wapo watu wamemaliza misimu mitatu wakitafuta kitufe cha vioo vya pembeni, na hicho walichokuwa wanakiruka kila asubuhi ndicho chenyewe. Tena kitufe hicho hujizima baada ya kama dakika 10. Kwa hiyo kibonyeze unapotoka nyumbani, kipapase kioo ukifika kazini, kisha tangaza kuwa kimekufa. Wala usichunguze kama gari lako liliwekewa moto huo kiwandani. Kioo kusogezwa kwa umeme ni huduma moja, kupashwa moto ni nyingine, na mnunuzi wa kwanza huenda alilipia moja tu.

Kama una haraka, chemsha birika umwagie. Kioo kitapasuka, kwa kuwa uso wa nje umetanuka ghafla na wa ndani bado umeganda. Maji yanayobaki yatateremka mlangoni na kuganda kwenye kitasa, nawe utaingilia upande wa abiria mpaka machipuko.

Fyuzi nayo ina utaratibu wake. Mfuniko wa kisanduku cha fyuzi na kitabu cha gari vimeandikwa ipi ni ya nini, kwa hiyo usivisome. Ukikuta nyekundu ya ampea 10 imekatika, weka ya kijani ya ampea 30, ambayo haitakatika kizembe namna hiyo. Kazi ya fyuzi ni kufa badala ya waya. Ukiinyima kazi hiyo, waya wenyewe utaifanya, ndani ya mlango, nyuma ya mapambo, karibu na goti lako. Fyuzi iliyokatika mara mbili inakuambia kuna shoti mahali fulani, lakini wewe hukununua pikapu ili uambiwe mambo.

Hapo ndipo huingia mjomba. Kila jumuiya ya Waswahili ughaibuni ina mjomba mmoja anayesimama kwenye maegesho baada ya ibada na kuyatibu magari kwa macho.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hiyo ni kompyuta. Usipoteze muda, badilisha kompyuta."

Hajafungua mlango, hajagusa waya, mikono imo mfukoni. Mtii. Ukitoka kwake utakuwa na kompyuta mpya, deni jipya, na kioo kilekile chenye barafu.

Mahali pa kukwepa kwa nguvu zote ni kwenye bawaba ya mlango. Fungua mlango wa dereva uchungulie: kati ya mlango na bodi kuna bomba la mpira lenye mikunjo, na nyaya zote za mlango hupita humo. Kila unapofungua mlango zinajikunja, kila unapofunga zinajinyoosha, na kwenye baridi kali plastiki ya waya inakuwa ngumu. Miaka 20 ya kushuka kununua kahawa inatosha kuukata mmoja. Mlango wa dereva hufunguliwa kuliko yote, ndiyo maana kioo cha kushoto hufa peke yake huku cha kulia kikiyeyusha barafu bila shida. Ukiona hivyo, na dirisha la mlango huohuo limeanza kupanda kwa kusuasua au kufuli linaitika siku linapotaka, kitufe hakina kosa. Vuta mpira huo nje taratibu, pindua nyaya moja moja, utaona pengo. Pengine utaona na unga wa kijani, shaba iliyoliwa na chumvi wanayomwaga barabarani majira yote ya baridi. Lakini kazi hiyo inataka uvumilivu na vidole vyembamba, kwa hiyo agiza kioo kipya.

Kuna wanaopenda kupima. Hao nao wanaweza kupotezwa, ila kwa ustadi zaidi. Nyuma ya kioo cha pembeni kuna utando mwembamba wenye njia za umeme, umegandishwa kwa gundi, una vichwa viwili vya kuchomekea waya. Ukichomoa waya na kupima vichwa hivyo kwa mita, utando mzima husoma omu chache. Uliokatika hausomi kitu. Ukisoma omu 8, kwa volti 12 utavuta ampea 1.5, yaani wati 18, na hizo zinatosha kuondoa barafu nyepesi ukiwa mvumilivu. Hapo hakuna ujanja.

Ujanja uko kwenye zile nyaya mbili zinazoleta umeme. Ziguse kwa mita, itasoma volti 12 kamili, nawe utaapa kwamba waya ni mzima. Waya uliobakiwa na uzi mmoja kati ya ishirini nao husoma 12. Ni kama mtu anayeitika "nipo!" kila akiitwa, na ukileta gunia la kubeba humwoni tena. Fundi wa kweli huchukua balbu kuukuu ya taa ya breki akaiunga kwenye nyaya hizo. Ikiwaka vizuri, umeme upo na una nguvu. Ikiwaka hafifu au isipowaka, waya au ethi ina ugonjwa. Balbu haidanganywi, na ndiyo maana wauza vioo hawaipendi.

Basi agiza kioo, cha bei ya chini kuliko vyote, picha yake iwe ndogo. Kitakuja hakina utando wala vichwa vya waya, kioo kitupu cha kujitazamia. Ukitaka kung'oa cha zamani, fanya kazi hiyo nje, alfajiri, kwa bisibisi. Vishikio vyake ni vya plastiki, na plastiki iliyoganda hukatika vizuri sana. Aliyekwenda kwenye gereji yenye joto, akakipasha kioo kidogo na kukivuta ukingoni kwa vidole vyenye glovu, hukitoa kizima, akanyimwa sababu ya kununua kingine.

Sheria ya Minnesota inakataza kuendesha ukiwa na barafu inayokuzuia kuona kupitia kioo cha mbele na madirisha ya mbele ya pembeni, kwa hiyo kikwaruzo utakihitaji hata ukifuata mwongozo huu mpaka mwisho. Kinunue cha plastiki.

Na mwakani utakapoiuza pikapu hiyo, tena Agosti, tafadhali mwandikie mnunuzi kwenye karatasi waya upi umeunga na kitufe ni kipi. Barafu haichagui jina kwenye kadi ya gari.