Shajara ya Darasa la Uzazi

Riyadh, Jumapili

Darasa la wajawazito lilipangwa saa kumi alasiri. Mume wangu aliomba ruhusa kazini ili tuhudhurie pamoja. Mlangoni akaambiwa ukumbi ni wa wanawake, wanaume wana chumba chao ghorofa ya chini. Chumba hicho kilikuwa kimefungwa na mwenye ufunguo ameshaondoka. Akanisubiri ndani ya gari.

Somo lilikuwa dalili za uchungu na wakati wa kuondoka nyumbani. Wanawake wameruhusiwa kuendesha gari Saudia tangu Juni 2018, lakini mwenye uchungu hashiki usukani. Atakayeushika ndiye aliyehitaji kusikia. Usiku nilimsomea niliyoandika: chupa ikipasuka hatungoji uchungu, tunaondoka. Damu ikitoka, vilevile. Alinitaka nirudie, akaandika kwenye simu yake.

Jumanne

Kipimo cha sukari. Nilikaa bila kula tangu usiku, nikanywa glukosi gramu 75, nikaitapika yote kabla ya kutolewa damu ya mara ya pili. Nimeambiwa nirudi Alhamisi, na nitarudi. Kisukari cha mimba hakipigi hodi: mama hujiona mzima huku mtoto akinenepa tumboni kupita kiasi.

Alhamisi

Glukosi imekaa. Alasiri, somo la kunyonyesha. Mashine ya kuonyesha picha iligoma, mkunga akatumia mdoli, mdoli ukang'oka mkono. Akaendelea nao hivyohivyo, na alifundisha vizuri, kwa Kiarabu na Kiingereza.

Kando yangu alikaa dada wa Kenya asiyezifuata vyema lugha zote mbili. Nilikuwa nikimnong'oneza Kiswahili, tukaombwa tunyamaze. Darasa lilipokwisha tulibaki koridoni nikamweleza upya. Dang'a haimwagwi, hiyo ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Awekwe titini ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Miezi sita maziwa ya mama peke yake.

"Na maji, dada? Kwa joto hili la Riyadh?"

Hata maji. Maziwa ya mama mengi yake ni maji, na Shirika la Afya Duniani linasema yanatosha hata kwenye nchi za joto kali. Mama yangu kule Tanga alinishauri asali kidogo ulimini. Nimempigia nikamwambia, kwa heshima zote, asali isubiri mtoto atimize mwaka, maana inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga. Simu ilikatika hapo. Alipopiga tena aliuliza habari za kula kwangu.

Jeddah, Jumamosi

Nahamia kwa wifi mpaka nijifungue. Reli ya Haramain inaunganisha Makka, Jeddah na Madina, haifiki Riyadh, kwa hiyo ni ndege. Kaunta wakataka barua ya daktari kwa kuwa mimba ina wiki 28. Barua ilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku limeshapita. Lilirudishwa. Niliketi kitini mwangu mlango ukifungwa.

Jumatatu

Darasa la hapa linapokea wake na waume. Mume wangu alihudhuria kwa simu, mtandao ukakatika kwenye zoezi la kupumua. Adhana ya alasiri ilipoita tukaenda kusali. Kurudi, viti vimechukuliwa na mkutano mwingine, tukamalizia juu ya zulia.

Aliyetueleza haki za kazini alisema tangu Februari 2025 likizo ya uzazi ni wiki 12, zamani zilikuwa 10, na baba hupata siku 3. Nikamfikiria yule dada wa koridoni, mtumishi wa nyumbani. Watumishi wa majumbani hawamo katika sheria ya kazi, wana kanuni zao. Ni maelfu ya wanawake kutoka kwetu, na ruhusa ya kutoka kwenda darasani iko mikononi mwa mwajiri. Hili linaniuma kuliko viti.

Jumatano

Nimerekodi dalili za hatari kwa Kiswahili, za kutuma kwenye kundi letu la WhatsApp: kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, uso kuvimba, damu, mtoto kupunguza kucheza. Gari la wagonjwa ni 997, ushauri wa Wizara ya Afya ni 937. Rekodi ya kwanza ilifunikwa na blenda ya wifi. Ya pili niliifanyia bafuni, mlango ukiwa umefungwa.

Mmoja alijibu usiku: akifika mapokezi atayasemaje?

Alhamisi

Tumeandaa kadi, Kiswahili juu, Kiarabu chini. Kwenye duka la vifaa vya ofisi walizichapa herufi za Kiarabu zikiwa zimeachana, hazisomeki. Kijana wa kaunta, Mbangladeshi, aliandika upya kila neno mwenyewe, kisha akamwita mteja Msaudi ahakikishe. Yule bwana alisahihisha moja na kulipia karatasi zote.

Wifi anazipeleka saluni kwa msusi wake Ijumaa, siku ambayo watumishi waliopata ruhusa hupitia kusukwa. Nyingine zinakwenda Riyadh kwa mume wangu. Nimemwomba pia aulize lini kile chumba cha wanaume kitafunguliwa.