Hodi Masikioni

Nilipompigia mama simu Kondoa kumwambia kwamba wikiendi hiyo naanza kujifunza kuzamia, alinyamaza muda mrefu hata nikadhani vocha imekwisha. Kisha akauliza kwa sauti ile ya kuulizia msiba, "Baba, kazini wamekufukuza?"

Kwa mama, na kwa Watanzania wengi tu, anayezamia ni kijana aliyejibanza kwenye shehena ya meli akiitafuta Ulaya bila pasi ya kusafiria. Au ni yule anayeingia ukumbini bila kadi ya harusi na kutoka na mapaja matatu ya kuku. Nikamweleza kuwa kuzamia kwangu ni kwa kulipia, tena napewa risiti. Hapo nikaharibu kabisa. "Yaani unatoa pesa ili wakutose?"

Aliposhindwa kunizuia akageukia masikio, ambayo utotoni yalinitoa machozi kila baridi ya Juni. Akaniagiza nichovye pamba kwenye mafuta ya alizeti, niisindilie barabara, na nisiitoe mpaka nirudi nchi kavu. Nikaitikia. Mtu wa miaka arobaini na mitatu habishani na mama yake kwenye simu.

Ukweli ni kwamba bahari sikuitaka. Maji mengi niliyoyajua utotoni yalikuwa ya pipa. Lakini nimeoa Unguja, na kila Idd ukweni lazima mtu anitanie kwa ubara wangu: mara nimeogopa ngalawa, mara nimemuuliza pweza mifupa yake iko wapi. Mdogo wake mke wangu ni mwalimu wa kuzamia Nungwi. Idd moja alisema mbele ya ukoo mzima kwamba atanifundisha bei ya shemegi. Nikakubali kwa sauti kubwa, biriani mdomoni.

Asubuhi ya kwanza pale ufukweni, mafundi wakigonga majahazi yao kwa mbali, shemeji aliniambia nivae mkanda wa risasi. Nikatazama huku na huku kujua vita ni ya nani. Kumbe ni risasi ile ya madini, vipande vizito vya kumzuia mtu asielee. Nikavaa. Nikabeba mtungi wa hewa, nikavaa mapezi, nikavaa miwani ile inayofunika hadi pua. Shemeji akaninong'oneza jambo. Nikamwambia sisikii. Akaja karibu, akachungulia.

"Shemegi, umetia nini humo?"

"Pamba. Mama ndiye kasema."

Akaitoa taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto gololi mdomoni, akaiweka kwenye kiganja ikimeremeta mafuta ya alizeti. Akasema nikizama nayo, maji yataisukuma ndani kama kizibo, na ile hewa itakayonaswa kati ya pamba na kiwambo cha sikio sitakuwa na njia yoyote ya kuifikia. Akaizungushia karatasi na kunirudishia. Mpaka leo sijui nilitakiwa kuifanyia nini.

Kisha akachukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, akaifunga kifuniko kwa nguvu, akatuonyesha mimi na wenzangu wawili, mume na mke kutoka Ujerumani. Mchana tulipotoka na boti alishuka nayo mita kumi na kurudi amepiga picha: ile chupa imebonyea kama mkebe uliokanyagwa na lori. Mita kumi tu, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu, na hewa inasinyaa ikabaki nusu. Robert Boyle aliligundua hilo mwaka 1662, ingawa yeye, kwa akili zake, alilipimia chumbani kwenye bomba la kioo.

"Sasa wewe kichwani una chupa kadhaa," shemeji akasema, akaanza kunigusagusa kwa kidole. "Moja nyuma ya kila kiwambo. Nyingine kwenye paji. Nyingine mashavuni. Ya miwani hiyo ya nje, utaipulizia kwa pua. Hizi za ndani usipozijaza hewa kadiri unavyoshuka, zitataka kubonyea. Na hizi si za plastiki, ni nyama na mfupa."

Njia ya kulijaza sikio ni mrija mwembamba, wenye urefu wa sentimeta tatu na nusu hivi, unaotoka nyuma ya kiwambo mpaka nyuma ya pua. Siku zote umefungwa. Unafunguka kidogo ukimeza mate au ukipiga mwayo. Chini ya maji unabana pua, unafunga mdomo, unapuliza kwa upole, mrija unaachama, hewa inapita.

"Ni hodi tu," akasema. "Na hodi hupigwa barazani, haipigwi ukishafika chumbani. Anza kabla hujazama. Halafu kila nusu mita, hodi. Usingoje maumivu. Usipojibiwa, panda kidogo, meza mate, hodi tena. Ukibisha mara tatu kimya, basi wenyewe hawakutaki leo. Geuka urudi kwenye boti. Mgeni hagombani na mlango."

Nilitikisa kichwa kwa heshima. Ila mimi ni mtu wa kugombana na milango. Nikisukuma kabati likikataa, nasukuma zaidi. Mke wangu ana makabati mawili yasiyo na vitasa ya kuthibitisha. Mrija wa sikio una tabia mbaya kwa watu kama mimi. Ukichelewa, mgandamizo unaubana midomo ukajifunga ndi, na hapo kupuliza kwa nguvu hakuufungui. Ukikazana sana unaweza kupasua kidirisha cha sikio la ndani, na kikipasuka, ugomvi huo umeupoteza pamoja na usikivu wako mwenyewe.

Tulishuka kwa kamba ya nanga, miguu ikitangulia. Mita moja, salama. Mita mbili, mtu kanitia kidole sikioni. Mita tatu, kidole kimekuwa ufito. Nilikuwa nimeshughulika kumtazama samaki mmoja wa rangi ya njano na kusahau hodi zote. Nikamwonyesha shemeji sikio, nikachezesha kiganja kushoto kulia kama alivyotufundisha: hapa pana shida. Akanipandisha kidogo. Nikabana pua. Kimya. Nikapanda tena. Wale Wajerumani walikwisha fika chini, wamepiga magoti mchangani wanatungoja, wameshikana mikono kama watu wanaosubiri basi la mwisho. Nilihesabu hodi kumi na nne. Ile ya kumi na tano nilipuliza kidogo tu, kwa uchovu, nikiwa nimeinua kidevu juu kutazama boti, na sikio la kulia likasema *kwii*, kama bawaba ya mlango wa stoo. La kushoto likafuata. Dunia ikafunguka. Nikasikia mapovu yangu mwenyewe, nikasikia injini ya boti ya mbali.

Kwa furaha nikampa shemeji dole.

Shemeji akanikamata mkono, akanipandisha mpaka juu.

"Nini?" nikamuuliza, maji yakinitoka puani.

"Wewe umesema tupande."

"Nimesema safi!"

"Dole chini ya maji ni kupanda, shemegi. Safi ni hivi." Akakutanisha kidole gumba na cha shahada kuwa duara. Alikwisha tufundisha asubuhi. Asubuhi nilikuwa na pamba.

Tukaanza upya. Hodi kumi na tano nyingine.

Usiku ule sikulala. Nilisoma kwenye simu. Kumbe mrija ule unaitwa kwa jina la Bartolomeo Eustachi, tabibu wa Italia wa karne ya 16, na kule kubana pua na kupuliza ni kwa Mtaliano mwenzake, Antonio Maria Valsalva, aliyeieleza mbinu hiyo mwaka 1704 kama njia ya kutoa usaha sikioni. Wa kubana pua na kumeza mate ni Joseph Toynbee, daktari Mwingereza wa masikio. Huyu alifariki mwaka 1866 akijijaribia mwenyewe dawa ya masikio yanayolia, kwa kuvuta mvuke wa klorofomu. Nikaweka simu chini, nikatafakari. Nikaichukua tena nikamkuta Hermann Frenzel, Mjerumani aliyewafundisha marubani wa ndege za kivita zilizokuwa zikishuka kama mwewe: mapafu hayahusiki, unabana pua, unafunga koo, na ulimi ndio unaosukuma hewa, kama unataka kutamka "K" lakini sauti haitoki. Hii niliipenda. Nikaijaribu kitandani. Mama mkwe, chumba cha pili, akauliza kama kuku wameingia ndani.

Siku ya pili nikaamka na mafua.

Sitajitetea. Fomu ya afya iliuliza waziwazi, nami nikaweka alama kwenye "hapana" huku tone la kamasi likining'inia juu ya karatasi. Nilikwisha lipa. Nilikwisha omba ruhusa kazini. Nikameza dawa ya mafua, nikapuliza nyingine puani, na baada ya nusu saa nikawa napumua kama mtoto mchanga. Nikashuka vizuri kuliko siku zote. Hodi, karibu, hodi, karibu. Shemeji akanipa lile duara, nami nikampa duara. Nikajiona Muunguja.

Jambo ambalo dawa haikunieleza ni kwamba nayo ina saa zake. Ilinisindikiza kwenda, kurudi ikaniacha. Hewa niliyoiingiza kwenye paji kule chini ilipoanza kutanuka wakati wa kupanda, ikakuta mlango umevimba na kufungwa. Kwenye kushuka ukikwama unaweza kuahirisha safari. Kwenye kupanda unakwama na hewa mgongoni inahesabika, huna pa kuahirishia. Nilihisi mtu ananipigilia msumari juu ya nyusi, kutoka ndani kuja nje. Shemeji akaniona, akanishusha kidogo, tukapanda pole pole, tukasimama, tukapanda. Mahali fulani karibu na juu kitu kikaachia kichwani, na maumivu yakaisha ghafla, nikajawa na raha isiyo kifani.

Nilipopanda botini nilikuwa natabasamu. Yule mama wa Kijerumani akapiga ukelele. Mumewe akageuka upande wa bahari. Nikaona hawa wazungu wana ubaguzi wa waziwazi sasa.

"Shemegi," shemeji akasema kwa upole, "usitabasamu kwanza."

Miwani ilikuwa imejaa damu na kamasi hadi usawa wa macho. Ilipotolewa, mzigo wote ukamwagikia kwenye sharubu. Picha ipo. Ukweni imewekwa kwenye kundi la familia, na kila Idd inazinduliwa upya.

Jumatatu nilifika ofisini na sikio moja. La kushoto lilikuwa limeziba kama lina uji ndani. Macho yalikuwa mekundu kama ya fundi wa kuchomelea, kwa sababu katika kuhangaikia masikio nilisahau kupulizia hewa kwenye miwani kwa pua, ikaninyonya. Ilikuwa mwisho wa mwezi. Bosi akapita upande wa kushoto, akaniuliza jambo refu ambalo nilipata neno lake la mwisho tu: "…umefunga?"

"Hapana bosi," nikamjibu, "leo nimekula chapati mbili."

Alikuwa anauliza hesabu. Akanitazama macho, akanusa hewa kidogo, akaniambia niende hospitali au nyumbani, nichague.

Daktari wa pua, koo na masikio alinichungulia kwa tochi yake, akasema kiwambo hakijapasuka ila nyuma yake kumevuja damu kidogo na majimaji, yataondoka yenyewe. Nisizamie mpaka atakaponiruhusu. Nisipande ndege kwa sasa. Nisipulize. Nisitie kitu. Nikamweleza kuwa mama ameshatuma kwa basi chupa ya mafuta yenye kitunguu saumu. Akaandika HAPANA kwa herufi kubwa kwenye cheti, akasema nimpe mama asome.

"Ulikuwa na mafua?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Nikaitazama kalenda ya ukutani.

Niliporuhusiwa, nilikaa nikingoja pua ikauke kabisa, nikavuka tena na boti ya Azam kumalizia nilichobakiza. Nilipiga hodi kuanzia barazani, nikazipiga zote, kidevu juu, ulimi ukisukuma bila mlio. Nilichokiona chini kilikuwa kizuri na nimekisahau karibu chote, isipokuwa kasa mmoja aliyenipita akitafuna majani bila haraka. Nilimwonea wivu. Nikatoka na miwani safi. Shemeji akaikagua kwenye jua, akanisainia kitabu.

Tabu ni mazoea. Mwezi uliopita nilitumwa Iringa kukagua stoo, na wakati wa kurudi basi lilipoanza kuteremka Kitonga nikahisi masikio yanaanza kujaa. Kushuka Kitonga ni kuzamia, ila bahari yake ni hewa. Bila kufikiri nikafumba macho, nikabana pua kwa vidole viwili, nikafunga mdomo, nikainua kidevu. Hodi. Nikangoja kona nyingine. Hodi.

Nilipofumbua macho, kijana niliyekaa naye alikuwa amejisogeza mpaka nusu yake iko njiani. "Mzee," akasema, "wallahi siyo mimi." Upande wa pili bibi mmoja aliyepakata kikapu alikuwa amejifunika pua kwa ncha ya khanga na ananitazama kwa huruma, kama mtu anayejua wa kulaumiwa ni nani ila malezi yanamzuia. Madirisha yakaanza kufunguliwa, moja, mawili, mpaka nyuma. Konda akasimama akishikilia viti. "Jamani, mwenye shida ya tumbo avumilie, Ruaha Mbuyuni tunasimama."

Nikataka kueleza. Lakini utaanzia wapi, kwa Eustachi? Nikagusa sikio, nikachezesha kiganja kushoto kulia. Konda akasema amenielewa kabisa, mzee, na akamwambia dereva aongeze mwendo. Na hapo ndipo la kushoto lilipozibuka, *kwii*, nikawasikia vizuri kabisa watu wa siti za nyuma wakijadili nimekula nini.