Uzee wa Kununua

Kwa Mjomba, Shangazi, na jamaa wote wa barazani, Tanga.

Siha yangu ni njema, baridi imeanza, na kazi ni ile ile. Kwa hiyo nayaacha hayo nije kwenye ajabu iliyonishikisha kalamu. Mkahawa wa mtaani kwangu hapa Paris, wa namna ambayo Wafaransa huiita brasserie, ulifungwa kiangazi kizima kwa matengenezo, na juzi ulipofunguliwa, baada ya mafundi, maseremala na bingwa wa mapambo kulipwa mali nisiyothubutu kuikadiria, tuliingia tukakuta kila kitu kimezeeka.

Si mzaha. Kuta zilizokuwa nyeupe zimepakwa manjano iliyofifia, nami nilipouliza nikajibiwa kwa taadhima kwamba hiyo ndiyo rangi ya moshi wa tumbaku wa miaka mia. Na kwa kuwa sheria iliharimisha sigara mikahawani tangu Januari 1, 2008, moshi wenyewe ulikwisha kufukuzwa, rangi yake ikarudishwa kwa gharama. Vioo navyo, vilivyofunika ukuta mzima ili chumba kisichoizidi sebule yetu kionekane ukumbi, vimetoka kiwandani jana, lakini fundi amevipaka dawa kali kwa nyuma hata vikaota madoa meusi pembeni, mithili ya kile cha marehemu Bibi kilichoharibiwa na unyevu wa bahari, tulichokigeuzia ukutani wageni wasikione. Tajiri wa mkahawa anacho kigezo: Bofinger, karibu na uwanja wa Bastille, iliyofunguliwa mwaka 1864. Ile ilizeeka kwa kungoja. Huyu hana subira.

Ama kuketi, hilo lina sheria zake. Benchi refu la ngozi bandia nyekundu limeambaa na ukuta, na mbele yake vijimeza vimebanana hata hapana pa kupitisha goti. Mgeni haingii mpaka mhudumu, mwenye aproni nyeupe ndefu na asiyecheka, aivute meza yote nje, ampitishe, kisha amrudishie tumboni, na tangu hapo mgeni ni mahabusu mpaka alipe. Ada yataka bibi akae benchini autazame umma, na bwana akae kitini autazame ukuta. Nami, nijapokuwa peke yangu, nilipewa kiti. Ukuta ni kioo. Basi nikajitazama nikila samaki kwa kabichi iliyochachushwa, kabichi iliyoenea hapa kwa watu wa Alsace walioihama nchi yao baada ya vita vya 1870, na ule uso niliodhani umestaarabika nikauona dhahiri kuwa ni uso wa mtu anayetafuta pilipili.

Kahawa huinywa nimesimama kaunta, penye bamba la zinki, kwani kahawa ya kusimama ni rahisi kuliko ya kuketi, na bei zote mbili zimebandikwa pasipo haya. Huko kwetu mtu huketi mpaka adhana ya Isha akalipia vikombe tu, habari za mji akapewa bure. Hapa jirani yangu wa kiwiko hunisogezea sukari, husema ahsante, huenda zake.

Fedha za rangi ya nyumba mlizoniagiza nitazituma mwisho wa mwezi, ila nawasihi fundi asiiguse sebule. Na kile kioo cha Bibi msimpe mnunuzi yeyote wa vyombo chakavu kabla sijawaletea bei ya huku.