Ngozi ya Miguu Minne

Mchimbaji wa Katoro haibiwi kwenye mizani. Mnunuzi akimpunja hata pointi moja ya dhahabu, kunawaka. Lakini mtu huyohuyo, mfuko ukishatuna, huingia dukani Geita akachagua buti kwa sababu linang'aa. Halikunji kuona makunyanzi, halinusi, wala hatazami kama soli imeshonwa au imebandikwa gundi. Mvua mbili tu, "ngozi" inabanduka kama rangi ya ukutani. Chini yake kitambaa. Na huku ndiko Usukumani, ambako ng'ombe ndiye mahari na akiba! Kumbe ngozi tunaijua ikiwa bado inatembea kwa miguu minne. Ndugu yangu, jicho unalokagulia mawe likague na viatu.