Beberu wa Mtumba

Ijumaa alasiri, Mtumba, Dodoma. Nyuma ya viwanja vilivyopimwa umebaki mgunga mmoja. PUNDA ndiyo kwanza ametuliwa madumu manne ya maji. BEBERU anaokota maganda yaliyodondoka.

BEBERU: Mbukwa, shangazi.

PUNDA: Mbukwa, mwanangu. Sikio limefanya nini?

BEBERU: Nimevikwa hereni. Walikuja na chanjo ya sotoka, nikadungwa, nikatobolewa, nikaandikwa. Sasa nina namba.

PUNDA: Hongera. Bwana wetu anafuatilia kitambulisho chake tangu mwaka juzi, kila akienda anaambiwa arudi wiki ijayo.

BEBERU: Safari ijayo aje na mimi, nimdhamini. Lakini namba haijaniletea heshima, shangazi. Jana nimeonja mche mmoja tu pale barabarani, mgambo akanitoa mbio na fimbo, ananiita mzururaji. Mimi! Ukoo wetu unachungwa hapa tangu kabla TANU haijaamua, 1973, kwamba makao makuu yaje Dodoma. Wenyewe wamekuja kuhamia kwa kishindo 2016. Mgeni nani?

PUNDA: Mche gani huo?

BEBERU: Sikuuliza jina. Ulikuwa mtamu.

PUNDA: Ndiyo maana ya fimbo. Watu wanapanda miti ili Dodoma iwe ya kijani, nyie mko nyuma yao mnavuna. Mvua ya huku unaijua: inabisha hodi Desemba, Aprili imeshaaga. Mche unyweshwe kiangazi kizima kwa maji ya mgongo wangu, halafu wewe uumalize kwa tonge moja?

BEBERU: Kumbe uko upande wao.

PUNDA: Niko upande wa maji.

BEBERU: Maneno hayohayo ndiyo yaliyomtoa bibi yetu mmoja Kondoa. 1979, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule wa HADO, mifugo yote ikaambiwa itoke kwenye makorongo. Karibu vichwa 90,000! Ng'ombe, mbuzi, kondoo, na nyie punda mkiwemo. Hakuna aliyeitwa kutoa ushahidi.

PUNDA: Nyasi zikaota.

BEBERU: (anatafuna kimya kwa muda mrefu) Zikaota. Sikatai. Lakini jembe lilibaki kulekule, na miti iliyokatwa zamani haikukatwa na meno. Mimi panga nitalishika na nini? Baadaye ng'ombe wa maziwa akaruhusiwa kurudi, analetewa majani zizini kama mgonjwa wa wodini. Bibi hakukumbukwa.

PUNDA: Pole.

BEBERU: Na jina langu je? Kila mkutano wa hadhara: mabeberu wanatunyonya, mabeberu hawatutakii mema. Nikisikia gari la matangazo nalaza masikio. Kwetu wanaonyonya ni watoto, tena wananyonya kwa mama yao.

PUNDA: Unalilia jina, mwanangu? Mimi nimetungiwa methali nzima, eti shukrani yangu ni mateke. Aliyeitunga alinishukuru lini, nikampiga teke? Tena wewe unatafutwa nyama, jambo linaeleweka. Mimi nilitafutwa ngozi, ikachemshwe dawa China. Mpaka wakuu wa Afrika wamekaa Addis Ababa, Februari 2024, wakaikataza biashara hiyo. Kesi yako imeishia kwa mgambo. Yangu imefika Umoja wa Afrika, na bado nabeba maji.

BEBERU: Sasa nikuambie kinachonichekesha. Haohao wanaotufukuza Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumamosi wako mnadani Msalato, tai wameacha nyumbani, wanagombea paja. Mmoja nilimsikia anamsifia mwenzake nyama: "Huyu wa kienyeji bwana, kakulia majani ya asili."

PUNDA: Majani ya asili.

BEBERU: Ya barabarani! Wamenunua mche, wameupanda, wameumwagilia, wameuwekea miiba, halafu wameulipia tena kwa kilo, na pilipili juu.

PUNDA: (anacheka mpaka masikio yanatikisika) Wewe una akili nyingi. Leo umeshiba nini?

BEBERU: Pumba. Bwana kaniletea mwenyewe kwenye beseni, na chumvi kidogo. Halafu akanipapasa mgongo, akanibana hapa kiunoni, taratibu, kwa vidole viwili. Hajawahi kunipenda hivyo.

PUNDA: Kakubana kiunoni.

BEBERU: Mara mbili. Na mgeni mmoja wa pikipiki naye akabana.

PUNDA: (ameacha kucheka) Kesho Jumamosi, siyo?

BEBERU: Jumamosi. Kwani vipi?

PUNDA: Hamna kitu. Sogea huku, mwanangu, ule na haya maganda ya upande wangu.