Nywele Fifi

Mtu wa Simiyu humwambii kitu kuhusu nyuzi. Huku ndiko nchi inakovuna pamba yake kwa wingi, na mtoto wa Bariadi, kabla hajajua kuandika jina lake, anajua kutenganisha pamba safi na fifi. Safi ni nyeupe, kavu, haina takataka. Fifi ni ile iliyopauka na kuingia madoa, ambayo mnunuzi akiiona anakunja uso, na bei inakunjika naye. Toka Maswa hadi Meatu watu wanajua pia kwamba pamba yenye maji haipelekwi mizani. Wapo wajanja wanaoinyunyizia ili iongeze kilo, lakini ndani ya gunia inapata joto, inavunda, inageuka rangi, na ujanja wote unaishia kwenye aibu mbele ya foleni.

Ajabu ni kwamba elimu hii yote ikipanda mwilini inaishia shingoni. Kichwani haifiki.

Jumamosi ile tulikuwa na sendofu Lamadi. Noah ya kukodi ilipangwa kuondoka saa kumi, na bomba likatoa maji saa tisa. Nyumba nzima ikakimbilia beseni. Mpwa wangu, binti wa dada, alifumua rasta, akaosha nywele, akapita na taulo juu juu, kisha akachomeka pasi ya nywele aliyoinunua mnadani. Mimi nikapewa cheo cha kushika kioo.

"Lakini bado zina maji," nikamwambia.

"Mjomba, pasi si inakausha? Inanyoosha na kukausha hapo hapo. Shika kioo."

Mjomba akashika kioo. Pasi ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, nyuzijoto 230. Bariadi tuko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yana haraka kuliko ya Dar es Salaam: yanachemka hata kabla ya kufika nyuzijoto 100. Akachukua fungu la mbele, lile la heshima, linaloonekana kwenye picha zote. Akalibana.

Chwaaa!

"Ni mvuke tu," akasema, huku naye ameshtuka.

Ni kweli, ulikuwa mvuke, na hapo ndipo penye balaa. Unywele uliolowa umekunywa maji mpaka ndani, na vifungo vinavyoshika umbo lake vimelegea. Tone la maji likigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile liliyokuwa nayo. Ukilichemsha ghafla ndani ya unywele, mvuke haupati muda wa kutoka kwa adabu; unafura humo humo, unaacha mapovu, na unywele unabaki na mashimo ndani. Zipo pasi zenye matundu ya kutolea mvuke, zilizoundwa kwa ajili ya nywele zenye unyevu. Hii ya mnadani tundu lake lilikuwa moja tu, la kuingizia waya.

Alipobana fungu la pili, mvuke ukampata sikioni. Akaruka, kioo kikanusurika, na harufu ikatoka hadi uani. Babu akaingia anachechemea na fimbo yake, uso umekunjuka kwa matumaini.

"Nani anababua kichwa cha mbuzi?"

Hakuwa mbali sana na ukweli. Nywele, kwato na pembe zote zimeundwa kwa protini ileile, keratini. Pua yake ilikosea mnyama tu. Alipoona hakuna mbuzi alisikitika kidogo, kisha akaona kile kishungi kilichobaki kimenasa kwenye pasi.

Babu alikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi enzi za ushirika wa SHIRECU, wakati Bariadi ikiwa bado Shinyanga, kabla ya mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012. Alikuwa akizamisha mkono ndani ya gunia hadi kiwiko, anachomoa konzi ya pamba, anaiminya. Ikifumuka upesi, ni kavu. Ikibaki bonge, rudi nayo nyumbani. Basi akakichomoa kishungi, akakisugua kwa kidole gumba na cha shahada. Kikakatika vipande. Akavipuliza, akatoa hukumu:

"Fifi."

"Baba!" dada akamaka.

"Nimepima tu."

Nje Noah ilikuwa inapiga honi. Bibi ndiye aliyeokoa jahazi: alichana kitenge, akamfunga mpwa wangu kilemba kirefu hata dereva akamwambia ainame vizuri wakati wa kuingia. Njia nzima hadi Lamadi dada alitoa mhadhara. Kausha kwanza mpaka ndani, kwa hewa au draya. Paka dawa ya kukinga joto. Gawa mafungu madogo, pitisha pasi mara moja, na moto usiwe wa mwisho. Mhadhara mzuri sana, ila ulianza baada ya saa kumi.

Sherehe ilifana. Kilemba kilisifiwa, na walioomba kufundishwa namna ya kukifunga walijibiwa kwamba ni mtindo mpya kutoka Mwanza. Baadaye kinyozi akapunguza kilichobaki, na mpwa wangu akanunua wigi refu la bei nafuu la kuvalia mpaka nywele zirudi.

Juzi nimepita kwao nikamkuta ameliweka mezani, pasi iko kwenye umeme, taa yake nyekundu inawaka. Akanionyesha wigi kwa fahari, akaniminyia na ncha zake kama karani mzoefu.

"Angalia mwenyewe, mjomba. Kavu kabisa."

Kavu lilikuwa kavu kweli. Ila lilikuwa la plastiki. Nilichomoa waya kwanza, maelezo yakafuata.